Vocha ya Gemu Niliyoigawa Kama Dagaa

Marahaba, wanangu. Toeni kwanza bisibisi mdomoni, ndipo tuongee.

Juzi nilipita kwenye vibanda vyenu mjini, mafundi watatu wakaniamkia meno yakiwa yamebana bisibisi, na wa nne alikuwa na skrubu mdomoni. Nikamwambia azitoe. Mimi nilimeza moja mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Mteja alirudishiwa kompyuta yake ikiwa na skrubu saba badala ya nane, akaondoka ameridhika, na ile ya nane sitawaambia iliishia wapi.

Kwa wasionijua, naitwa Koku. Nilikuja Mwanza kutoka Muleba kumtembelea dada yangu kwa wiki mbili, nikakaa miaka thelathini na kitu nikifungua kompyuta za watu. Sasa nimestaafu, niko Buhongwa na kuku wangu, na nina muda wa kuwasumbua. Mmeniomba niwaeleze ya kazini. Nitawaeleza hasa siku nilipoaibika, kwa sababu siku nilizofanya vizuri sizikumbuki sawasawa, na hiyo moja nikiikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu jikoni.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ndaki, fundi redio aliyehamia kompyuta wakati wenzake wanasema ni upepo tu utapita. Alinifundisha kugusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kitu chochote ndani, ili umeme wa mwilini ushuke. Alinifundisha kunusa, maana kifaa kilichoungua kina harufu yake, na pua haidanganyi kama mteja anayesema "imezima tu yenyewe". Na alikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi iliyomo ndani ya boksi jipya. Alisoma hata kile kipakiti cha chembechembe kilichoandikwa usile. Siku moja akakigeuza akasoma na upande wa Kichina, na Kichina hajui. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Naangalia kama upande huu wamebadilisha mawazo," akasema.

Nilirithi kila kitu kwa Mzee Ndaki, ila kusoma karatasi sikurithi. Mimi nilikuwa mtu wa kufungua, kufunga na kuwasha. Karatasi nilifungia maandazi.

Sasa sikilizeni. Kadi ya picha, ile nyinyi mnayoiita GPU kwa sauti ya heshima, zamani ilikuja na diski ya gemu ya bure ndani ya boksi. Wanunuzi wetu wengi walikuwa maofisi. Mtu wa ofisi anachora barabara na madaraja, gemu haitaki, anakwambia kaa nayo. Diski zikajaa droo yangu. Na nyinyi mnajua dada wa sokoni akikupimia dagaa, kopo likijaa haachi hapo, anachota tena kwa mkono anamwaga juu. Hiyo nyongeza ndiyo inakurudisha kwake kesho. Nikaileta desturi hiyo dukani. Ukinunua kipanya kwangu, nakutumbukizia diski ya gemu. Ukinunua kibodi, nakuongezea mbili. Watu walivuka maduka manne kuja kwangu. Bosi wangu alifikiri ni kwa sababu ya ufundi, na mimi sikumsahihisha.

Baadaye diski zikakoma, ikawa inakuja karatasi ndogo yenye sehemu ya kukwangua, chini yake namba ndefu. Sasa Mtanzania ukimpa karatasi ya kukwangua, unataka umweleze nini tena? Tumekwangua vocha za simu mpaka kucha zikaisha. Na vocha ya simu haina mwenyewe. Unainunua Buhongwa, unamtumia shangazi yako Bukoba zile namba kwa meseji, anaziingiza, anaanza kupiga. Nikajua na hizi ni hivyo hivyo. Na za mwanzoni kweli zilikubali mahali popote. Lakini kule zinakotoka walichoka na watu waliokuwa wanaziuza mtandaoni, wakaongeza masharti kimyakimya, kwa herufi ndogo, kwenye karatasi. Na karatasi, nimeshawaambia, nilifungia maandazi.

Ndipo akaja Mzee Masalu.

Mzee Masalu ni mfugaji wa Usagara, mrefu, mpole, anavua kofia hata akisalimia mtoto. Alikuja dukani kununua kompyuta, nikashangaa kidogo. Akanieleza kwamba ni ya mke wake, Mama Nkwimba, na Nkwimba ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Mama huyo alilima maisha yake yote, pamba, mahindi, viazi. Kisha akateleza akaanguka akichota maji kisimani, nyonga ikavunjika, na daktari akamwambia jembe basi. Tangu hapo alikuwa amekaa ndani. Hakulia wala hakulalamika, na hilo ndilo lililomtisha mumewe.

"Angelalamika ningelala," akaniambia. "Anakaa tu. Ukimuuliza utakula nini, anasema 'chochote'. Nkwimba hajawahi kusema 'chochote' katika maisha yake."

Wakati anaongea, kioo cha dukani kilikuwa kinaonyesha tangazo la gemu moja ya kilimo. Trekta kubwa jekundu linakata udongo, ndege wanalifuata nyuma.  Mzee akavua kofia, akaliangalia lile trekta kama anayemsikiliza padre.

"Hiyo mtu anaendesha mwenyewe?"

"Anaendesha, anapanda, anavuna. Hata kama hawezi kusimama."

"Basi nataka hiyo."

Na mimi nilikuwa nayo. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeunda kompyuta ya kuchorea michoro kwa ajili ya kiwanda kimoja cha mafuta ya pamba Nyakato. Kadi yake ya picha ilikuja na vocha ya gemu ile ile ya trekta. Injinia wao, binti mmoja anaitwa Jesca, alinicheka nilipompa. "Mama, nina watoto wawili na mchoro wa tenki. Gemu nitacheza saa ngapi? Mpe mtu." Kwa hiyo nikamuundia Mzee Masalu kompyuta yenye kadi ya mtumba, yenye nguvu ya kutosha, na juu yake nikamwongezea vocha ya Jesca. Mzee aliishika kwa mikono miwili. Alisema wabeja, akasema tena wabeja, na alipofika mlangoni akageuka kunishukuru mara ya tatu.

Nilijisikia vizuri sana, wanangu. Nilijisikia mtu mwema wa kuandikwa.

Ijumaa nikaenda Usagara kufunga mashine. Mama Nkwimba alikuwa kwenye kiti cha mbao sebuleni, fimbo imelala magotini. Mama mdogo wa umbo, macho makali. Mumewe alikuwa ameshamwambia kila kitu, trekta, ndege, udongo. Niliona amevaa gauni la kanisani. Kwa ajili ya shamba la kwenye kioo, mama yule alikuwa amevaa gauni la kanisani.

Nikakwangua, nikaingiza namba. Ikaniambia niweke kwanza programu ndogo ya kukagua mashine. Nikaiweka. Ikakagua, ikatoa maandishi mekundu: kadi inayotakiwa haimo kwenye mashine hii. Nikajaribu tena. Mekundu. Mara ya tatu ikanionya kwamba nikirudia itafunga namba.

Sisi mafundi tuna uongo mmoja ambao tunaurithishana, na nyinyi mnaujua.

"Mtandao," nikasema.

Mzee Masalu hakuuliza. Alichukua simu iliyokuwa inatupa mtandao, akatoka nje, akapanda kichuguu kilicho karibu na dirisha, akainyoosha juu kwa mkono wote.

"Sasa je?"

"Bado kidogo, mzee."

Akasimama kwa vidole vya miguu. "Na sasa?"

Nilimwona kupitia dirishani, mzee wa miaka sabini na ushee, juu ya kichuguu, mkono unamtetemeka, ng'ombe wake wote wamegeuka wanamwangalia. Nilitaka kucheka na nilitaka ardhi inimeze, vyote kwa pamoja. Kabla sijachagua, Mama Nkwimba akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Fundi, kama mtandao ni mbovu, hayo maneno mekundu yamepita wapi kuja hapa?"

Mama hajawahi kugusa kompyuta. Nimefundisha mafundi ambao swali hilo lingewachukua mwezi.

Nikamwita mzee ashuke. Nikawaambia nimedanganya. Kisha nikatoa miwani, nikasoma ile karatasi kwa sauti, neno kwa neno, kama Mzee Ndaki. Namba itumike kwenye mashine yenye kadi iliyokuja nayo. Namba ikishaingia kwenye akaunti ya mtu haihamishwi. Mwenye akaunti awe mtu mzima. Zipo nchi zinazoruhusiwa na nyingine hapana. Na chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa chawa, siku ya mwisho. Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake.

"Kwa hiyo," Mama Nkwimba akasema taratibu, "umenigawia shamba la mtu."

"Ndiyo, mama."

"Na mwenye shamba yuko wapi?"

"Kadi iko Nyakato. Kiwandani."

Akamwangalia mumewe, akaniangalia mimi. Akachukua fimbo magotini, akaisimamisha sakafuni. "Basi twende Nyakato."

Mzee Masalu akasema mimi na yeye tungetosha. Mama akasema akaunti ni ya nani? Mzee akasema yako. Basi. Miezi minane hajavuka kizingiti, na kesho yake asubuhi alikaa mbele kwenye pikapu ya jirani, gauni lile lile la kanisani, kompyuta imefungwa kwa kanga nyuma na mimi nimeikumbatia. Mzee alikaa upande wa pili, kofia mkononi isipeperuke. Kila kwenye tuta mama aligonga kioo kutuuliza kama mashine ni nzima. Kuhusu sisi hakuuliza.

Getini mlinzi akafungua daftari la wageni. Akaniuliza nimekuja kufanya nini, nikaanza kueleza habari za kadi na vocha na masharti, kalamu yake imeganda hewani. Mama Nkwimba akatoa kichwa dirishani.

"Nimekuja kuchukua shamba langu."

Mlinzi akaandika: shamba. Akatupungia tupite.

Jumamosi kiwanda kinafunga saa saba mchana, na tulifika saa tano. Jesca akatuamkia wote mmoja mmoja, akasikiliza, akajishika kichwa. Kwenye mashine ya kiwanda haruhusiwi kuweka programu ya gemu, hata ya dakika moja. Nikasema sawa, basi niitoe kadi niiweke kwenye mashine ya mama, nikimaliza niirudishe. Akampigia mkuu wake. Tukasubiri. Mzee Masalu alivua kofia, akaivaa, akaivua. Mkuu akasema kama ni mama mwenyewe aliyevunjika nyonga, na kama saa saba kadi iko mahali pake, yeye hajasikia kelele.

Hapo ndipo ufundi ulipoanza, na hapa fungueni masikio. Kadi ile ilikuwa ndefu kuliko boksi la mzee kwa vidole vinne. Kabla hujabadilisha kadi, pima kwanza, mimi sikupima. Nikavua mbavu zote za boksi, kadi ikakaa, lakini mkia wake ukabaki unaning'inia nje hauna pa kuegemea. Halafu umeme wa boksi la mzee ukawa hautoshi. Nikalisogeza boksi la kiwanda karibu, nikavuta nyaya zake za umeme zikaja kulisha kadi ndani ya boksi la mzee, nikauamsha umeme wa boksi la kiwanda kwa kibanio cha karatasi nilichokinyoosha, kikiunganisha waya wa kijani na mweusi. Msijaribu hilo kama hamjaonyeshwa na mtu anayejua. Meza ikawa na mashine mbili zimepasuliwa matumbo, zimeunganishwa kwa nyaya, na mkia wa kadi unatikisika.

"Inataka kushikwa," nikasema. "Mtu aishike kwa chini, asitikisike."

Mzee Masalu akanyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka kama jana yake juu ya kichuguu.

"Wewe hapana," mkewe akamwambia. Akasogezewa kiti. Nikamwambia, gusa chuma kwanza mama, akagusa. Akaweka viganja viwili chini ya ile kadi na akatulia kabisa. Nimeshika vifaa miaka yote hiyo, sijaona mikono iliyotulia namna ile.

Nikawasha. Feni zikaanza kuzunguka. "Inapumua," mama akasema, hakuitikisa.

Sasa fomu. Wanangu, fomu hizi zilitungwa na watu ambao hawajawahi kufika kwetu. Ikataka nchi. Nikashuka orodha kutoka A, nikipita visiwa nisivyovijua, nikafika T nikiwa nimebana pumzi, maana nimeshuhudia orodha ambazo sisi hatumo. Tulikuwemo. Ikataka msimbo wa posta. Ofisi nzima ikaulizana, hakuna aliyewahi kuutumia, Jesca akautafuta kwenye simu. Ikataka mwaka wa kuzaliwa, nikazungusha gurudumu la miaka, nikazungusha, nikazungusha, Jesca akaanza kucheka, mama akasema zungusha tu, mimi ni mtu mzima kama walivyotaka. Ikatuma namba ya uhakiki kwenye simu ya mama, na simu ya mama ilikuwa mfukoni mwa gauni, na mikono ya mama ilikuwa imeshika kadi. Mzee akapiga magoti, akaingiza mkono mfukoni mwa mkewe kwa adabu zote, akaisoma namba moja moja kwa sauti ya misa.

Nikabonyeza. Ile programu ikakagua mashine. Ilichukua muda. Mashine za kiwanda nje nilizisikia kwa mbali tu. Nilimwangalia mama yule na gauni lake na nikasema moyoni, Mungu wangu, kama nimemtoa ndani kwa ajili ya maandishi mekundu sitajisamehe.

Yakaja ya kijani.

Jesca alinirukia shingoni. Mzee Masalu aliketi sakafuni pale pale alipokuwa amepiga magoti, akacheka bila sauti, mabega tu. Mama Nkwimba akauliza, "Niachie?" Nikasema achia mama. Akaachia, akaviangalia viganja vyake. Nikairudisha kadi kwa Jesca, nikafunga kila skrubu, nikazihesabu, na saa saba kasoro dakika sita tulikuwa getini. Mlinzi akatuuliza kama tumelipata. Mama akasema tumelipata.

Gemu yenyewe ilikuwa kubwa, ilinichukua siku mbili kuipakua kwa mtandao wa dukani. Mkishaiingiza kwenye akaunti haikatai tena mashine, hata yenye kadi ya mtumba, mradi nguvu inatosha. Hilo nalo lishikeni. Jumanne nikaipeleka Usagara.

Nilimwonyesha mara moja tu. Hii ya kwenda mbele, hii ya kukata kona, hii ya kushusha jembe. Alilikwaruza lori moja, akagonga ghala, akarudi nyuma akaligonga tena, safari hii nadhani kwa makusudi. Halafu akashika njia. Akashusha jembe, udongo ukapinduka, ndege wakashuka nyuma ya trekta. Mama Nkwimba akasogea mbele ya kiti na kuanza kulalamika. Udongo huu umechoka. Nani kapanda miti pale? Mitaro hakuna, mvua ikija watafanya nini hawa? Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, anaisikiliza ile lawama, na uso wake ulikuwa umelowa na hakujificha. Na mimi nililia, sioni sababu ya kuwaficha.

Alipomaliza kipande cha kwanza, gemu ikamtaka aliandikie shamba jina. Nikataka kumsaidia kuandika, akakataa. Aliandika kwa kidole kimoja, anatafuta kila herufi, mpaka likatimia: Shamba la Nkwimba. Maisha yao yote pale Usagara, shamba alilolima yeye liliitwa la Masalu.

Mzee alisoma kutoka mlangoni. Alisoma pole pole, midomo inacheza. Kisha akaweka birika chini, akavua kofia, akasogea mpaka pembeni ya kiti cha mkewe.

"Mama," akasema, "hapo kwako hakuna kibarua?"

Hakugeuza kichwa. Alikuwa anakata kona.

"Njoo kesho saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."

Nimeambiwa kesho yake saa kumi na mbili alikuwa sebuleni, amevaa mabuti.